Anasubiri Taa

Kila mama anayeishi na virusi vya Ukimwi hubandikwa kitaa kidogo kifuani. Kikiwaka kijani, maziwa ni salama, anyonyeshe.

Nakijwa alifungua vifungo vya gauni. Mwanawe wa miezi minne alikuwa akilia kwa njaa, lakini alipoona ziwa alinyamaza, akakikodolea macho kitaa. Kikawaka. Ndipo akanyonya.

"Jamani, anasubiri ruhusa!" Mama yake Nakijwa alishika mdomo. "Wewe nilikulea kwa kikombe, mwanangu. Taa hizi hazikuwapo. Maziwa yangu niliyakamua nikayamwaga, kwa kuogopa kukuambukiza."

"Najua, mama."

Mtoto aliposhiba, Nakijwa alimpa mama yake ampakate. Mtoto akamtazama bibi yake kifuani, akatulia, akasubiri.