Gesi ya Kampuni Iliyokufa

Moto ulizimika chapati ikiwa imeiva upande mmoja. Peninah alizungusha kitasa cha jiko, akawasha kiberiti, akasubiri. Hakuna kitu. Alishuka kumtafuta mlinzi, na kwenye lifti akakuta tangazo: kampuni inayoleta gesi katika jengo zima imefilisika, wateja wapige nambari hii.

“Imefilisika na pesa zangu za mwaka mzima?” alimfokea Terry, mwenzake wa chumba, kana kwamba ndiye aliyeifilisi. “Tajiri wao ameacha gari uwanja wa ndege akapanda ndege, mimi ameniachia unga umekandwa!”

Ilikuwa mwaka 2009, na si tajiri huyo peke yake aliyekimbia madeni Dubai kwa namna hiyo. Mchana Peninah aliuza viatu katika duka moja la Al Barsha. Asubuhi alipika chapati na maharagwe ya kuwauzia walinzi wa Kikenya, na hizo chapati ndizo zilizowasomesha wanawe Kakamega. Bila gesi, biashara hiyo ingekufa.

Nyumba ilikuwa kwa jina lake. Yeye na Terry walilala chumbani. Sebuleni, nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba, alikuwa amempangisha Protas, Mtanzania wa Bukoba, mtu wa kuomba samahani hata akikanyagwa yeye. Zamani alitoka kila asubuhi na shati la mikono mirefu, kama mkubwa fulani. Tangu mwezi uliopita alishinda ndani, na kodi hakutoa.

“Watanzania ndio hao,” Peninah alisema kwa sauti, makusudi, ili mbao zisikie. “Kizungu hawajui, interview watapitaje? Huyu lazima alikuwa akifagia mahali.”

Protas alichungulia. “Pole na gesi, dada Peninah.”

“Pole yako inaivisha chapati?” Peninah aliinua mwiko. “Nikimpata mtu wa hiyo kampuni, hata awe mpika chai wao, nitamchoma na hii!”

Protas aliutazama mwiko, akarudi nyuma ya mbao zake.

Siku hiyohiyo, wakati wa mapumziko kazini, Peninah alipiga ile nambari. Alipokea mwanamume mwenye Kiingereza kilichonyooka kama cha mtangazaji wa redio.

“Kampuni nyingine imekubali kuwachukua wateja, madam. Waliolipa mapema hawatalipa tena, ila lazima sisi tuthibitishe kila nyumba. Yako naishughulikia.”

“Sisi ni nani? Si mmekufa?”

“Sisi tuliobaki, madam.”

“Wezi mliobaki.”



Tangu siku hiyo Peninah alimpigia kila mapumziko, kama watu wanavyokunywa chai. Alimwita punda. Alimwita kunguru wa kula mizoga. Alimuuliza mama yake anamezaje chakula cha wizi. Mtu yule alimngoja amalize, kisha akamweleza jambo lilipofikia: majina yamepelekwa, mita zinakaguliwa, avumilie kidogo.

Nyumbani Peninah alipikia jiko dogo la umeme lililokuwa likizima taa za nyumba nzima. Nusu ya wateja wake walihamia kwa mama mwingine.

“Angalau yule wa simu amesoma,” alimwambia Terry. “Mwizi, lakini ukimsikia unajua ni mtu. Si kama huyu wetu wa sebuleni.”

“Muonee huruma Protas. Jana nimemkuta akila mkate mkavu na maji.”

“Basi chukua huruma yako umlipie kodi.”



Siku yake ya mapumziko ilipofika, Peninah aligonga mbao. Alikuwa amekwisha kupata mpangaji mwingine, Mganda mwenye kazi ya hoteli.

“Protas, khalas, imekwisha. Toka.”

“Dada, nivumilie siku mbili tu. Kuna kazi naimalizia.”

Peninah alicheka hadi akashika kiuno. “Kazi gani? Ya kulinda dari isianguke?”

Hakungoja jibu. Alilivuta godoro mwenyewe mpaka koridoni, akalitupa kando ya lifti. Protas alikunja mashati yake moja moja, akayatia begini, akasema, “Samahani kwa usumbufu, dada,” akaenda kukaa juu ya godoro lake kumsubiri rafiki mwenye gari. Peninah alifunga mlango kwa kishindo.

Kabla ya adhuhuri mlango uligongwa. Alikuwa fundi wa kampuni mpya. Aliingia jikoni, akafungua mita, akawasha. Moto ukasimama, wa buluu, umetulia. Terry akapiga kigelegele.

“Nyinyi ndio wa kwanza jengo zima,” fundi alisema akikusanya vifaa vyake. “Yule mtu wa kampuni ya zamani alishikilia tuanzie hapa.”

“Ameniogopa,” Peninah alisema.

“Mpigie basi umshukuru,” Terry alimwambia Peninah, fundi alipokwisha kuondoka.

“Nimshukuru mwizi? Nampigia aniambie hasara ya chapati zangu atailipa nani. Watu kama hao hawaachwi wapumue.”

Alibonyeza nambari, akaweka simu sikioni, mkono mwingine kiunoni, matusi yakiwa tayari mdomoni.

Simu iliita. Iliita pia nje, koridoni, upande wa lifti.

“Habari za mchana, madam Peninah,” ilisema sauti sikioni mwake kwa Kiingereza kilichonyooka, na nyuma ya mlango sauti hiyohiyo ikauliza, “Moto umewaka?”