Vitatange wa Posa

Wewe ungekubali samaki akuchagulie mume? Kwetu sheria ndiyo hiyo: vitatange wawili, mmoja wa bwana, mmoja wa bibi arusi, wakimaliza siku saba kwenye tangi la maji chumvi bila kuumana, ndoa lazima ifungwe.

Siku ya kwanza tu, samaki wa Shebe, mposaji, akamchana pezi yule mdogo wa mjukuu wangu Mwanakombo. Shebe akacheka. "Ataingia adabu tu."

Nikawatenga kwa wavu. Nikahamisha mawe yote ili mkubwa asijue kwake wapi pa kupigania, kisha nikamrudisha mdogo kwanza, mkubwa baadaye, nikaanza kuhesabu upya. Zikatimia siku saba za amani, nikapiga kigelegele.

"Bibi," akasema Mwanakombo, "mimi nilikuwa naomba wauane."