Mmea Ulioitwa Mgeni

Siku ile mjinga alikuwa Shaali mwenyewe, hakuna wa kumsingizia. Huko Aktiki kila mmea wa pwani uliandikwa mwenyeji au mgeni. Ukiwa mgeni uling'olewa, na aliyeupanda akarudishwa kusini. Neno la mwainishaji, mwenye kazi ya kuiandika, halikufutika.

Shaali, mwainishaji, alikuta majani ya chumvi yametanda hadi ukingoni mwa barafu. Akayaandika mgeni kwa mzaha, eti yana maringo kama wakwe zake. Kumbe mkewe ndiye aliyeyapanda kimya kimya, apate kumpikia mumewe mboga ya kwao.

Sasa mkewe anafunga mizigo, meli inamngoja.

“Mama Rukia, nilitania. Lile ni neno tu!”

Mkewe akakaza kamba bila kumtazama.

“Talaka nayo ni neno tu, Baba Rukia.”