Nguvu Iliyobaki kwa Kalekwa

Tangu seva zote za wilaya ziunganishwe ili zigawane nguvu ya umeme, sauti za marehemu zilizohifadhiwa humo zilitegemea kile kilichobaki baada ya hospitali kuchukua chake. Kila alasiri Nyamizi alichambua mchele huku akizungumza kwa simu na sauti ya bintiye Kalekwa, aliyefariki akiwa na miaka saba.

Siku moja fundi wa seva alimpigia simu.

“Mama, wodi ya watoto imejaa, na mashine za kupumulia zimepungukiwa nguvu. Ukibonyeza kuridhia kwenye simu yako, tutamzima Kalekwa, nguvu yake iende huko.”

“Mtamwasha lini?”

“Akizimwa harudi, mama.”

Nyamizi alimwita binti yake. “Lala kidogo, mwanangu.”

“Sina usingizi, mama. Utaniamsha?”

“Nitakuamsha.”

Akabonyeza kuridhia, kisha akakaa ameikumbatia simu mpaka ikapoa kifuani mwake.