Darasa la Kutulia Saint Aubin

Usigeuze uso. Uligeuza mwaka ule wingu la kiwanda liliposhuka Saint Aubin na samaki wakaelea mtoni matumbo juu. Ukasema hayo ni ya watu wa Louisiana, yatawaishia huko huko. Mimi sijasahau. Leo utakaa hapa, kwenye ukumbi wa kanisa, kando ya Ozite Narcisse.

Ozite alikuwa amefumbata kipande cha barafu, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Kibane tu," alisema Bi Whitcomb, mwalimu wa kutuliza wasiwasi. "Hofu ikija, upe mkono kazi. Akili itafuata mkono."

Huyu alikuwa ameletwa na kiwanda cha klorini, bure kabisa. Wakazi waliomba mabomba yake yaliyooza yabadilishwe. Wakaletewa mwalimu wa kupumua. Na hakuwa mbaya, Bi Whitcomb. Alikuwa na sauti ya kumlaza mtoto. Aliwafundisha kutaja vitu wanavyoviona moyo ukianza kwenda mbio. Aliwafundisha kuitengea hofu saa yake, jioni baada ya vyombo, na ikibisha hodi mchana waiambie ikangoje nje.

Ozite hakuja kwa hiari. Aliburutwa na bintiye Renella, aliyeketi kulia kwake, mimba yake ikiwa imefika ukingoni. Ozite alikuwa mtu wa kunusa hewa kabla ya kufungua dirisha. Alikuwa mtu wa kuziba nyufa za mlango kwa taulo mbichi, wa kuwatoa watu vitandani kwa tetesi tu.

"Mama, ukinikurupusha tena bure, nahamia Houston," Renella alikuwa amemwambia mlangoni. "Mjukuu wako utamwona kwenye picha."

"Basi, mwanangu. Nimesikia. Leo siinuki mpaka mwalimu aseme."

King'ora cha kiwanda kikalia.

Ozite akashtuka, barafu ikamponyoka.

"Shemeji, usianze!" Clovis akamdaka kutoka safu ya nyuma. Huyu ni mdogo wa marehemu mumewe. Mapafu aliyaacha kwenye mabomba yale yale, na bado alikitetea kiwanda kama mali ya babake. "Jumamosi adhuhuri hii. Majaribio! Au unataka kukimbia tena barabarani na vibanio vya nywele kichwani?"

Ukumbi ukacheka. Hata Renella alicheka, akiwa ameshika tumbo. Kila Jumamosi adhuhuri kiwanda hujaribu king'ora chake, na Saint Aubin nzima hukitumia kujua wakati wa kuepua sufuria.

"Mbona leo hakinyamazi?" Ozite aliuliza.

"Kimepata mume," alisema Clovis. "Kiache kiimbe."

Bi Whitcomb alitazama dirishani kidogo. Kisha akatabasamu.

"Wakati mzuri kabisa wa zoezi la mwisho," alisema. "Fumbeni macho, nyote. Msifumbue mpaka niwaambie. Hata wewe, mzee Clovis."

Ozite akafumba. King'ora kiliendelea peke yake kidogo, kisha ile sauti ikaanza, nyororo kuliko mwanzo.

"Shusha mabega. Legeza taya. Vuta pumzi, taratibu, mpaka tumboni."

Ukumbi mzima ukavuta.

Mahali fulani nyuma mlango ulilia kwenye bawaba zake. Ozite akajisemea ni upepo, akajisifu kwa kutogeuka.

Harufu ikaja. Kali, kama dawa ya kung'arishia shuka nyeupe. Koo likamwasha.

"Mwalimu," aliita, macho yamefumbwa, "harufu hiyo mnaisikia?"

"Huenda ukasikia vitu," ilisema sauti. "Viache vipite. Wewe baki na pumzi yako."

"Wanaosha vyoo, shemeji," Clovis alinong'ona, akakohoa. "Tulia basi, unatuaibisha."

Ozite akatulia. Akatafuta barafu ambayo hakuwa nayo tena, akaukamata ukingo wa kiti. Moyo ulimpiga kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Aliuambia ungoje jioni. Mbele mtu alikohoa, kisha mwingine, kisha safu nzima. Ni Bi Whitcomb peke yake ambaye hakukohoa, na Ozite alimwonea wivu. Kumbe mtu akijifunza vizuri, hata koo humtii!

"Mama," Renella alisema. Mkono wake ulikuwa umemkaza Ozite kwenye kifundo cha mkono. "Mama, kifua."

"Bi Whitcomb, binti yangu hapati pumzi."

"Vizuri sana," ilijibu sauti. "Endelea hivyo hivyo. Vuta tena, kwa kina zaidi kuliko mwanzo."

"Nimesema hapati pumzi! Ni mjamzito!"

"Umefanya vizuri."

Ozite alifikiria Houston. Alifikiria mjukuu kwenye picha, na kicheko cha ukumbi, na miaka yote aliyoitwa mwendawazimu na watu anaowapikia bamia na kamba kila msiba. Aliahidi. Hainuki mpaka mwalimu aseme.

Mkono wa Renella ukalegea.

Ozite akafumbua macho. Moshi wa kijani-njano ulikuwa unatambaa chini ya mlango wa mbele, na watu wote wa Saint Aubin walikuwa wameketi wima, nyuso zimeloa machozi, wakipumua kwa utiifu. Nje ya dirisha, upande upepo unakotoka, gari la mwalimu lilikuwa linapotelea barabara kuu, na humu ukumbini, juu ya kiti chake, simu iliyoegemezwa kwenye glasi ya maji ilikuwa bado inasema, "Vuta tena. Msifumbue macho."

Inuka, wewe! Mshike aliye kando yako, mburute ikibidi, toka kwa mlango wa nyuma. Sasa hivi!