Bolti Isiyokatika

Nilipoifungua winchi ya lori, nilitaraji kuikuta pini yake imekatika. Ndiyo kazi yake: mzigo ukizidi, pini ya chuma laini hukatika, winchi ikaacha kuvuta, watu wakasalimika.

Haikuwa pini. Ilikuwa bolti ya chuma kigumu, nzima, yang'aa kwa grisi, haina hata mkwaruzo.

Kumbe ndiyo maana juzi kule Tudor injini ilivuta mpaka waya ukakatika, ukaruka nyuma ukaukata mguu wa Fondo, utingo wa lori hili.

"Usiitupe hiyo," tajiri wa lori akasema nyuma yangu. "Nimeitia mwenyewe. Pini zenu hukatika kila siku, kazi yalala. Na Fondo ni uzembe wake. Nani kamwambia asimame karibu na waya?"

Niliibana spana mpaka vidole vikaniuma. Nikairudisha bolti yake, nikaikaza. Nikatia waya mpya, ncha yake nikaifunga kwenye mwarobaini wa gereji. Nikapanda, nikawasha injini.

"Haya, bwana. Tuijaribu. Simama hapo kando ya waya."

Akautazama waya.

"Zima kwanza," akasema.

Nikatia gia.