Kanga na Hatua za Mchungaji

Mchungaji alipoaga zizini alisema neno moja tu: "Nitarudi." Tangu hapo Kanga hakuacha kutega sikio. Kijiti kikivunjika njiani, yeye huyo langoni.

"Dada, umezidi sasa," Mbuzi alilalamika. "Kila siku unaona dalili, na kila siku haji mtu. Kwani siku yenyewe unaijua?"

"Siijui."

"Basi unakesha ya nini?"

Kanga alirudi langoni.

Jioni moja sauti tamu ikaita kutoka nje: "Wanangu, nimerudi! Nifungulieni." Mbuzi, yule yule aliyekuwa akimcheka mwenzake, ndiye aliyekurupuka kufungua komeo. Kanga akamrukia kichwani.

"Acha! Nimesikia hatua zake. Huyu hachechemei! Umesahau Mchungaji alivyovunjika mguu siku alipokutoa wewe kinywani mwa Chui?"

Kule nje Chui akanguruma kwa hasira, akaenda zake.

Mbuzi hakuuliza tena siku ya Mchungaji kurudi.

"Dada Kanga," alisema, "hebu sogea kidogo hapo langoni. Nifundishe na mimi mlio wa hatua zake."